Kisanduku cha Hapana

Nilikwenda kung'oa jino. Gego la chini lilikuwa limeninyima usingizi siku nne mfululizo, nikafika pale nimeshika shavu, sitaki salamu wala maswali. Muuguzi akanikalisha, akanifunga mkanda mkononi, akabonyeza kitufe. Mashine ikavuma, ikabana, ikaachia taratibu. Akaitazama. Akaufungua mkanda, akaupandisha kidogo, akabonyeza tena.

Mara ya tatu alikuwa ameacha kabisa kuzungumza.

"Dada, una presha?"

"Sina."

Akanigeuzia kioo cha mashine nijisomee mwenyewe: 176 kwa 108. Daktari wa meno alipoingia hakutaka hata kuligusa lile jino. Akaniandikia dawa ya maumivu na karatasi ya kunipeleka kwa daktari mwingine, akasema nirudi presha ikishatulia.

Namba zile zilinitisha. Lakini sizo zilizonikosesha amani wiki zote zilizofuata. Kilichonikosesha amani ni fomu niliyoijaza mapokezi dakika chache kabla. Ilikuwa na swali moja fupi: umewahi kuugua ugonjwa mkubwa au kulazwa kwa muda mrefu? Chini yake visanduku viwili. Nikatia tiki kwenye Hapana, nikaendelea na swali linalofuata.

Sikusita hata kidogo. Nami nilikuwa na saratani ya damu nikiwa na miaka minne, na sehemu kubwa ya mwaka ule niliimaliza nikiwa kitandani wodini.

## Kupona

Sikuwa nadanganya. Ndivyo nilivyoamini. Nyumbani kwetu ugonjwa ule ulikuwa na mwisho wake, na mwisho wenyewe ulikuwa neno moja: umepona. Mama alilitamka kwa namna ya mtu anayefunga mlango na kuusukuma tena kwa bega kuhakikisha umeshika. Baada ya hapo hatukuuzungumzia. Nilisoma, nikapata kazi, nikafika miaka thelathini na sita bila kuona sababu ya kumweleza mtu yeyote.

Sasa, katika wiki zile za jino, neno hilohilo lilianza kunigeukia. Kiswahili kinamwita aliyepona yule aliyetoka homa na akawa kama alivyokuwa. Kinamwita hivyohivyo yule aliyepona ajali, aliyetolewa kwenye gari lililopinduka akiwa hai. Wa kwanza haulizwi kitu tena. Wa pili anaweza kuwa mzima wa afya, anacheka, anafanya kazi, lakini goti lake linajua alipita wapi.

Maisha yangu yote nilikuwa nimejihesabu upande wa homa.

## Siku saba

Kwanza nilijitetea. Maumivu hupandisha presha, na mimi nilikuwa naumwa. Hofu hupandisha presha, na kiti kile kinamtisha kila mtu. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia, nilikuwa nimebana mkojo, na muuguzi alikuwa akinisemesha mashine ikiwa kazini. Yote hayo ni kweli na yote huongeza namba. Nilipomweleza daktari niliyepelekwa kwake, hakunibishia. Alisema ndiyo maana hamwekei mtu jina la ugonjwa kwa kipimo cha siku moja.

Akanituma nikajipime nyumbani siku saba. Asubuhi mara mbili, jioni mara mbili. Nikae dakika tano kimya kabla ya kuanza, mgongo umeegemea, nyayo zimetua sakafuni, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Nisiwe nimekunywa kahawa nusu saa kabla. Akaupima mzunguko wa mkono wangu kwa utepe ili nipate mkanda unaonitosha, kwa sababu mkanda mdogo hupandisha namba bila kosa la mtu. Namba za siku ya kwanza angezitupa. Siku ya kwanza mtu huwa bado anaiogopa mashine.

Nilifuata kila neno. Nilitaka sana iwe ni hofu tu, ile presha inayopanda mbele ya koti jeupe na kushuka ukishavuka geti.

Wastani ulikuja 148 kwa 94. Kwa anayejipimia nyumbani, 135 kwa 85 tayari ni presha ya juu.

Na sikuwa naumwa chochote. Hili ndilo lililonishinda kulikubali. Kichwa hakiniumi, sina kizunguzungu, ngazi napanda. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kama wanalo, na nilikuwa nimewahi kuisoma sentensi hiyo nikiwafikiria watu wengine.

Siku ya majibu daktari aliuliza kama nyumbani kuna mwenye presha. Nikasema Baba anayo. Akaandika. Ilionekana imeisha: binti amerithi ya baba yake, mambo ya kawaida. Nilikuwa nimeshainua mkoba. Akauliza, kwa mazoea tu nadhani, kama kuna lingine lolote.

Sijui kilichonisukuma. Labda ile tiki.

"Nilipokuwa mdogo niliumwa saratani ya damu. Lakini nilipona."

Akaweka kalamu chini.

"Ulipewa dawa gani?"

"Sijui."

"Ulipigwa mionzi ya kichwa?"

Sikujua. Mtu mzima, nimesoma, ninayejua kila kitu kilichomo kwenye mkataba wangu wa kazi, na sikujua kilichopita kwenye mishipa yangu kwa zaidi ya miaka miwili.

## Daftari

Dada yangu mkubwa ndiye mtunza makaratasi wa ukoo. Nilimwomba anitafutie chochote cha wakati ule, na nikamsihi asimwambie Mama. Baada ya siku mbili akaniletea daftari la jalada gumu, la bluu, kona zimelika. Sikuwahi kulijua. Lilikuwa limefungwa ndani ya kanga chini ya vyeti vya shule.

Ni mwandiko wa Mama, ule wa kuinamia kulia. Hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa ananakili kutoka kwenye kadi iliyoning'inia miguuni mwa kitanda changu, herufi kwa herufi, majina ya dawa ambayo hakuweza kuyatamka. Tarehe, joto, dawa, kala au hakula. Vinkristini ameiandika kwa namna tatu tofauti. Kuna ukurasa wenye tarehe na neno moja tu: *analia*.

Kuna dawa moja hakujisumbua na jina lake. Aliiita nyekundu. *Nyekundu 17.5. Mkojo umekuwa mwekundu, sista kasema ni kawaida.* Nilizihesabu. Zilikuwa sita.

Na kuna presha. Sikutarajia kuikuta humo. Kwenye kurasa za wiki za mwanzo, karibu kila siku, namba mbili na mkwaju katikati. Siku moja: *Presha 124/82. Mkono wa kushoto, kulia kuna sindano.*

Nilifarijika. Nilifikiri, kumbe nilikuwa sawa. Namba hizo hata leo ningezipokea kwa mikono miwili.

Daktari alipofika kwenye mstari ule alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza kwamba mtoto hasomwi kwa namba za mtu mzima. Kabla ya miaka kumi na mitatu, presha hulinganishwa na ya watoto wenzake wa umri, jinsia na kimo kilekile. Mtoto wa miaka minne kwa kawaida huwa kwenye tisini na kitu kwa hamsini na kitu. Kwa mwili ule mdogo, 124 kwa 82 ilikuwa presha ya juu kabisa.

Presha yangu ya kwanza haikuanzia kwenye kiti cha daktari wa meno.

## Ile nyekundu

Namba za utotoni, daktari alisema, zilikuwa na maelezo mepesi. Ni wiki za dawa za steroidi, zile zilizonifanya nivimbe mashavu kwenye picha ambayo Mama hakuwahi kuitundika. Steroidi huua seli za lukemia, hiyo saratani ya damu, lakini pia huzifanya figo zishikilie chumvi na maji na mishipa ya damu ibane. Ukizimaliza, kwa kawaida presha hurudi chini. Daftari lilimuunga mkono: kurasa chache mbele, 98 kwa 60, 96 kwa 58, halafu Mama akaacha kuandika presha.

Kilichomshughulisha ni ile nyekundu. Ni jamii ya dawa zinazoitwa anthrasaiklini; daunorubisini na doksorubisini ndizo zinazojulikana zaidi, na rangi yake ndiyo hiyo Mama aliyoiona kwenye mkojo. Zimeokoa watoto wengi mno. Lakini misuli ya moyo huzikumbuka, na hukumbuka jumla yake yote, si dozi moja moja. Daktari alichukua zile 17.5, akakadiria ukubwa wa mwili wangu kwa uzito na kimo ambavyo Mama, Mungu ambariki, alikuwa ameviandika kwenye jalada la ndani. Ikaja miligramu 25 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mara sita, 150. Dozi ya kati. Hatari zaidi huanza kuhesabiwa kwenye 250.

Nilitazama hesabu ile ikifanyika juu ya maandishi ya mama aliyedhani anajiandikia tu ili asichanganyikiwe.

Halafu akanieleza jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakiwafuatilia maelfu ya waliopona saratani ya utotoni Marekani walionyesha kwamba moyo uliopitiwa na anthrasaiklini ukiongezewa presha ya juu, hatari ya moyo kushindwa kazi haijumlishwi tu. Inazidi jumla ya hizo mbili. Ndiyo maana presha, ambayo kwa mtu mwingine wa umri wangu ingekuwa jambo la kufuatilia polepole, kwangu haikuwa ya kusubiri. Tena kati ya mambo yote yanayoweza kuudhuru moyo wangu, hili ni mojawapo ya machache ambayo mtu anaweza kuyagusa leo. Dozi ya nyekundu haibadiliki tena. Presha inashuka.

Kuna njia nyingine ambazo waliotoka kwenye lukemia hufikia presha, na hakuna mtu anayepita zote. Baadhi ya dawa za wakati ule huacha alama kwenye figo. Vinkristini huumiza mishipa ya fahamu ya miguu, mtoto akakua bila mazoea ya kukimbia. Waliopigwa mionzi ya kichwa, ambayo zamani ilikuwa ya kawaida na leo inakwepwa kadiri inavyowezekana, huweza kuvurugika homoni za ukuaji na za njaa, uzito ukapanda hata wakila kama wenzao. Uzito ukipanda, presha hufuata. Naliandika hili kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ni mlafi.

Na si jambo la watu wachache. Hospitali ya watoto ya St. Jude, kule Memphis, Marekani, iliwaita watu wazima waliotibiwa saratani za aina mbalimbali wakiwa watoto, ikawapima mmoja mmoja. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha presha ya juu kwao ni mara 2.6 ya ilivyotarajiwa, na kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya saba katika kila kumi walikuwa nayo.

## Baba au dawa

Nilimuuliza daktari swali moja mara tatu, kwa maneno tofauti. Hii ni ya Baba au ni ya dawa?

Mara ya tatu aliniambia: "Kwa mtu mmoja sina namna ya kuzitenganisha. Na nikizitenganisha, kesho asubuhi utameza kidonge kilekile."

Alikuwa sahihi, nami sikuridhika. Kuna sehemu yangu iliyotaka mkosaji. Ikiwa ni Baba, basi ni urithi, na urithi hauna hasira. Ikiwa ni dawa, basi kuna mtu alijua na hakusema. Kwa wiki nzima niliibeba hasira hiyo. Nilikumbuka siku ya mwisho ya kliniki, walivyotupigia makofi, na kwamba hakuna aliyempa Mama karatasi. Hata nusu ukurasa: mtoto huyu alipewa hiki, kiasi hiki, akikua apimwe hiki. Tuliondoka na mfuko wa nguo.

Nikaanza kusoma nimjue wa kumlaumu.

## Hakukuwa na aliyeishi kutosha

Mwaka 1948, kule Boston, daktari Sidney Farber alitangaza kwamba dawa iitwayo aminopterini iliwapa nafuu watoto wenye lukemia kali. Nafuu ya miezi. Kisha ugonjwa ulirudi. Mwaka 1962 Donald Pinkel, huko huko St. Jude, akaanza kuunganisha dawa nyingi kwa pamoja wakati madaktari wengi waliona ni kuwatesa bure watoto wanaokufa. Kufikia mwisho wa miaka ya sitini, mpango wake uliofuata baada ya majaribio kadhaa ulikuwa unaponya karibu nusu yao. Leo, panapopatikana dawa zote na uangalizi, ni karibu tisa katika kumi. Pasipopatikana, ni wachache zaidi sana, na hilo nalo halipaswi kutuacha tulale vizuri.

Nilifanya hesabu. Wale watoto wa kwanza waliopona kwa wingi leo wako kwenye miaka ya sitini na kidogo. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa kuwafuatilia watu kama sisi ulianza mwaka 1994. Mimi nilikuwa tayari nimevimba mashavu kwa steroidi.

Mama alipokuwa anakaa pembeni mwa kitanda na kujiuliza mtoto huyu akikua atakuwaje, hakukuwa na daktari aliyelificha jibu. Hakukuwa na mtu aliyeishi kutosha kulitoa. Moyo wa miaka hamsini haujulikani mpaka mtu afike hamsini.

Hasira ilipungua hapo. Haikuisha, kwa sababu leo majibu yapo. Leo miongozo inasema aliyepona saratani ya utotoni apimwe presha angalau kila mwaka, maisha yake yote, na kama alipewa anthrasaiklini, moyo wake upigwe picha ya mawimbi ya sauti kwa vipindi vinavyotegemea dozi. Mwanamke aliyepewa dawa hizo apimwe moyo kabla ya kubeba mimba au mapema mimba ikiingia. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake anamaliza matibabu mwaka huu ana haki ya kudai ile karatasi ambayo Mama hakupewa: majina ya dawa, jumla ya kila dozi, mionzi kama ilikuwepo na ilielekezwa wapi. Aidai kabla ya makofi. Akiambiwa haina haja, aulize tena. Ikishindikana kabisa, anunue daftari.

Picha ya moyo wangu ilitoka nzuri. Unasukuma vizuri. Nameza kidonge kimoja kila asubuhi, nimepunguza chumvi ingawa si kwa furaha, natembea jioni hata siku ambazo sitaki. Baada ya wiki sita nilirudi kwa daktari wa meno. Fomu ilikuwa ileile. Nilitia tiki kwenye Ndiyo, na kwenye mstari wa maelezo, ambao haukutosha, nikaandika: lukemia utotoni, anthrasaiklini 150, moyo umepimwa. Yule muuguzi aliisoma yote, akaniangalia, akanifunga mkanda taratibu kuliko mara ya kwanza.

Jino liling'olewa.

## Mkono upi

Kwa Mama nilichelewa. Niliogopa kwamba nikimwambia ni dawa, atasikia kwamba ni yeye. Ndiye aliyenishika mikono sindano zikiingia. Nilipiga simu siku ile ya jino, midomo bado imekufa ganzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo jino limetoka?"

Nikamwambia limetoka. Nikamwambia kwa nini lilichelewa. Nikamwambia kuhusu presha na picha ya moyo na kidonge, haraka haraka, nikianza na kwamba moyo uko salama. Sikutaja daftari. Sikutaja rangi yoyote.

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ni ile nyekundu?"

"Huenda, Mama. Kidogo. Na Baba naye anayo."

"Niliwauliza kama ni lazima," alisema. "Mara ya nne ulipopewa niliwauliza. Wakasema ni lazima."

"Ilikuwa lazima. Nisingekuwa hapa."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya mtu aliyesogeza kiti karibu na kitanda.

"Wanakupima mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Waambie na wa kulia. Ule haukuwahi kupimwa, ulikuwa na sindano muda wote."

Daktari alikuwa ameshaipima yote miwili siku ya kwanza, lakini sikumwambia. Kesho yake asubuhi nilikaa dakika tano, nyayo chini, nikafunga mkanda mkono wa kulia. 128 kwa 80. Nikafungua daftari la bluu ukurasa uliofuata ule wa mwisho alioandika, nikaweka tarehe, nikaandika namba na mkono, nikaupiga picha na kumtumia.